Tupange Kazi Tukimfikiria Mfanyikazi

Kikundi kikipata mkopo, jambo la kwanza ni kununua cherehani. La pili? Kuongeza cherehani. Ni nadra mtu kuuliza: yule atakayeshona hapa kutwa nzima, atakaaje?

Tukitembelea vikundi vya ushonaji tumeona cherehani sita zimebanana katika chumba cha mabati chenye dirisha moja. Mafundi wamekalia stuli. Maji wanakunywa kidogo makusudi, maana choo kiko mbali na msimamizi hapendi watoke-toke. Ikifika saa tisa macho yanauma, mshono unaenda upande, nguo inafumuliwa. Mwishowe yule fundi hodari anaondoka na mgongo wake mbovu, na mgeni anaanza kufundishwa upya. Hasara hiyo haiandikwi kwenye daftari, lakini ipo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi, tuanze na haya:

1. Nafasi na mwangaza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kila mtu apate angalau mita 10 za ujazo. Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.5, kina mita 30 za ujazo. Kumbe ni cha watu 3, si 6! Cherehani ikae karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni.

2. Kiti. Kiwe na egemeo, na kimo chake kimruhusu fundi kukanyaga pedeli bila kujikunja. Watu si kimo kimoja. Seremala wa mtaani apime kila mmoja.

3. Maji na mapumziko. Maji safi yawe karibu, na kwenda choo kusiombewe ruhusa. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyikazi siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, akilipwa.

4. Akina mama. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Kwa kikundi kidogo, pembe safi yenye pazia na kiti ni mwanzo mzuri.

5. Mlango. Usipigwe kufuli watu wakiwa ndani, eti kwa kuogopa wizi. Moto hautangoja ufunguo.

Mtatuuliza, pesa zitoke wapi? Kuhamisha meza ni bure. Kufungua mlango ni bure. Viti vinunuliwe kimoja kimoja kila mwezi, kabla ya kuongeza cherehani nyingine.

Maswali ya kujadiliana:
- Chumba chetu kinatosha watu wangapi? Tukipime leo.
- Ni nani waliotuacha miaka hii miwili, na waliondoka kwa nini?
- Je, kazi hii tunaweza kuifanya miaka kumi bila kuumia?