Muzee Wetu Atasikiwa na Munganga Gani?



Siku ya kupima watoto kilo tunaona hapa wamama wengi, na nyuma yao kwenye benchi kuko bibi muzee anayebeba mutoto. Mutoto anapimwa, anachanjwa, fishi yake inaandikwa. Bibi naye anarudi nyumbani jinsi alivyokuja. Hakuna mutu anayemuuliza: na wewe mama, mwili uko namna gani? Lakini siku atakapougua, ni wewe, binti yake ao bibi ya mutoto wake, utakayemuleta. Juu ya ile tunakuandikia wewe.

Jibu ambalo wazee wanapewa mara nyingi ni hili: «Ni uzee tu.» Mama, usilikubali upesi. Ni kweli, magoti yanachoka na usingizi unapungua. Lakini muzee anayekohoa juma mbili, ile si uzee. Lazima makohozi yake yapimwe, pengine ni kifua kikuu, na dawa ya kifua kikuu katika inchi yetu ni ya bure. Muzee asiyeona, na katika mboni ya jicho kuko weupe kama maziwa, pengine operesheni inaweza kumurudishia macho. Na muzee aliyeanza kusema ovyo tangu jana ao juzi, kumbe juma iliyopita alikuwa na akili yake yote, huyu ni mugonjwa sana. Inaweza kuwa malaria, ao mapafu, ao vidudu katika mkojo, ao sukari imepotea katika damu. Wewe utagusa paji lake na kusema: hana homa. Mwili wa muzee hauwake moto upesi kama mwili wa mutoto. Munganga anayengojea homa ndipo amuamini muzee, huyo atachelewa.

Basi, munganga anayesikia wazee unamujua namna gani? Angalia kwanza macho yake. Akiuliza, anamuangalia nani? Wengine wanazungumuza na wewe tu, sawa vile muzee ni muzigo uliouleta kwa kichwa. Munganga muzuri anavuta kiti karibu, anauliza kwa sauti ya polepole (si kwa kelele, masikio ya wazee yanasikia polepole kuliko kelele), kisha ananyamaza.

Kule kunyamaza ndiko kazi yenyewe. Muzee wetu haanze na ugonjwa. Anaanza na shamba, na kifo cha mume wake, na njia waliyokimbilia wakati wa vita. Munganga mwenye haraka anamukata. Lakini sikiliza: bibi anasema habari ya kuni. Zamani alizibeba tangu shamba mpaka nyumba bila kutua. Sasa anapumuzika mara tatu katika njia, na usiku analala akiketi kwa sababu akilala chini pumuzi inakatika. Anafikiri anazungumuza juu ya kuni. Munganga anayesikia anajua kwamba ni moyo, na anainama kutazama kama miguu imevimba. Mwingine anasema tu kwamba alianguka mwezi uliopita alipokwenda kuteka maji. Pengine damu inavuja polepole ndani ya kichwa, na maumivu ya kichwa ya leo yalianza siku ile.

Tena ataomba kuona dawa zote. Hapa tunasema kwa nguvu kidogo, kwa maana tunaona shida hii kila mara. Wazee wanatumia vidonge vya maumivu vya soko: diclofenac, ibuprofen, asubuhi na magaribi, mwezi mzima. Magoti yanapoa kweli. Lakini vidonge hivi vinaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha tension, na figo za muzee zimekwisha kupunguka nguvu. Paracetamol ni afazali kwa wengi, kwa kipimo kilichoandikwa. Kwa hiyo tia kila kitu katika mufuko mumoja: vidonge, chupa, hata maganda ya muti aliyopewa na jirani. Usifiche dawa ya miti kwa haya. Munganga anayecheka mbele ya muzee juu ya dawa ile, mara ya pili muzee hatamwambia tena.

Tension naye aipime muzee akiwa ameketi na kupumuzika. Ikiwa muzee anasikia kizunguzungu akiamuka, aipime tena amesimama. Ikifika 14 kwa 9 ao kupita, siku mbalimbali, inaombwa kuitunza, na dawa yake haimaliziki na juma moja. Wengi wanaiacha wakisikia nafuu.

Sasa neno la lugha, na neno la haya. Hapa Bunia muzee mumoja anasema Kilendu, mwingine Kihema, Kialur, Kibira ao Kingiti, na wanganga wanasemezana Kifransa juu ya kichwa chake. Mara nyingi mujukuu kijana anaitwa kutafsiri. Mama, fikiri: bibi yako ataambia mujukuu wake namna gani kwamba kizazi kinashuka na kutoka inje, ao kwamba mkojo unapita bila kujua? Wamama waliozaa mara nane, mara kumi, wanaficha shida hii miaka na miaka. Hawaende kanisani tena juu ya harufu, na watu wanasema amekuwa mubaya wa roho. Iko na matunzo, kwa mupira unaowekwa ndani ao kwa operesheni. Omba infirmière mwanamuke, na wewe mwenyewe utafsiri, mulango ukifungwa. Katika Marko sura ya 5, yule mwanamuke wa kutokwa damu alikuwa amemaliza mali yake yote kwa wanganga. Bwana alisimama katikati ya watu wengi, na mwanamuke akamwambia kweli yote. Yairo alikuwa akingoja, na mutoto wake alikuwa karibu kufa, lakini Bwana alimungojea mwanamuke amalize.

Munganga wa namna hii si lazima awe daktari mukubwa. Hapa Ituri tunajua hilo zamani: daktari Helen Roseveare, ambaye watu walimuita Mama Luka, alifundisha wauguzi Nyankunde mpaka mwaka 1973, kwa sababu wao ndio wanaofika karibu na watu. Anza na kituo cha afya cha karibu, na uliza jirani mwenye muzee nyumbani: nani alimusikia vizuri? Kama kituo kinashindwa, infirmier titulaire ataandika kartasi ya kumutuma hospitali kubwa. Uliza bei mbele, usione haya.

Usiku wa mbele, keti na bibi, uandike katika kaye: shida ilianza lini, ameanguka mara ngapi, anakula nini, dawa gani. Munganga naye ni mutu, na wagonjwa wamejaa mpaka inje. Fika mapema. Akimukata muzee, sema kwa heshima: «Munganga, tafazali, mama hajamaliza.» Musitoke mbele ya kujua ugonjwa ni nini, dawa ni ya nini, na mutarudi lini. Akikasirika juu ya maulizo haya matatu, tafuteni mwingine, bila ugomvi.

Lakini kuko siku ya kutochagua munganga. Mudomo ukipinda, mukono mumoja ukilegea, maneno yakikatika kwa gafula, mulete saa ileile kwa hospitali ya karibu, hata usiku, hata kwa kipoyi. Angalia saa ilipoanza, wataiuliza. Katika njia mulaze kwa ubavu, na usimunyweshe maji wala dawa.