Lau Mwambao Ungejitenga

Mwalimu wangu wa chuoni alitukanya neno "lau", akisema lamfungulia shetani mlango. Lakini barazani kwetu, Mji wa Kale, halikosi kutajwa: lau Mwambao ungejitenga!

Tuanze na yaliyokuwa. Kwa mkataba wa 1895, maili kumi za pwani zilibaki milki ya Sultani wa Unguja, Mwingereza akizitawala na kumlipa kila mwaka. Bendera nyekundu ikapepea Ngomeni. Uhuru ulipokaribia, wenye Mwambao wakadai nchi yao. Mwaka 1961 Sir James Robertson akashauri pwani iunganishwe na Kenya, na tarehe 5 Oktoba 1963 Mzee Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Unguja, wakaandikiana barua za makubaliano. Bendera ikateremka.

Haya, tuseme haikuteremka. Tarehe 12 Januari 1964 Sultani mwenyewe alipinduliwa. Nani angeilinda? Wapwani hatukuwa kitu kimoja: wengi wa Wamijikenda hawakuitaka, na Ronald Ngala alitaka majimbo ndani ya Kenya, si kujitenga. Naogopa damu ya Unguja ingevuka bahari.

Basi, wazee wangu, "lau" naiacha mlangoni. Nishikayo ni barua zile za 1963. Ziliahidi mahakama za makadhi, Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu, na hati za ardhi kuheshimiwa. Kadhi yumo katika Katiba ya 2010. Yaliyosalia tuyaulize barazani, hati mkononi.