Uzito wa Abiria Ndani ya Lifti: Mfano wa Jiji la Arusha

Majengo ya Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, yaliyojengwa miaka ya 1970 kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali, yana sehemu tatu ziitwazo Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Apandaye lifti katika majengo ya ghorofa kama hayo huhisi miguu ikikandamizwa sakafuni lifti inapoondoka chini, kisha huhisi wepesi inapokaribia kusimama juu. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mtu huwa mzito akipanda na mwepesi akishuka. Maelezo hayo yana kosa, na kosa lenyewe si dogo.

Kani mbili humhusu abiria: uzito wake, unaomvuta chini, na kani ya sakafu, inayomsukuma juu. Mizani aliyoikanyaga hupima kani ya pili, wala si ya kwanza. Kwa mujibu wa kanuni ya pili ya Newton, tofauti ya kani hizo ni sawa na tungamo lake mara mchapuko wa lifti.

Ichukuliwe kuwa abiria ana tungamo la kilogramu 70. Mchapuko wa mvutano wa dunia mjini Arusha ni karibu mita 9.78 kwa sekunde mraba, hivyo uzito wake ni takriban niutoni 685. Lifti ikichapuka kwenda juu kwa mita 1 kwa sekunde mraba, sakafu humsukuma kwa niutoni 755, na mizani husoma kilogramu 77. Ikichapuka kwenda chini kwa kiasi hichohicho, husoma 63. Ikienda kwa mwendo usiobadilika, husoma 70 barabara, iwe inapanda au inashuka. Zaidi ya hayo, lifti inayoshuka na kuanza kufunga breki husoma 77, kwa kuwa mchapuko wake unaelekea juu. Kinachoamua ni mwelekeo wa mchapuko, si wa safari.

Jambo hili lina uzito kwa mhandisi. Kamba inayobeba lifti na abiria wenye jumla ya kilogramu 1,000 hustahimili niutoni 9,780 lifti ikiwa imesimama, lakini hufikia 10,780 katika mwondoko huo wa kwenda juu. Wanaojazana kupita idadi iliyoandikwa ukutani huongeza mzigo katika sekunde ambayo kamba tayari imelemewa. Kamba ikikatika na breki isishike, mizani ingesoma sifuri. Breki ya kuzuia anguko hilo ilioneshwa hadharani na Elisha Otis jijini New York mwaka 1854.

Mlima Meru watoa ulinganisho mzuri. Kutoka mjini, kwenye mita 1,400 hivi, hadi kileleni, mita 4,566, mvutano hupungua kwa chini ya asilimia 0.1. Mtu yuleyule hupungukiwa na chini ya gramu 70 kwenye mizani ya springi. (Miguu huwa mizito huko kwa uchovu na uhaba wa oksijeni, mvutano hauna hatia.) Lifti humwongezea kilogramu 7 kwa sekunde moja.

Mizani ya mawe yenye sahani mbili haitikisiki na lolote kati ya hayo. Kahawa ya Meru ikipimwa kwa mizani hiyo ndani ya lifti inayochapuka, mawe na kahawa huongezeka uzito kwa kiwango kilekile, na mtambo hubaki sawa.