Mugongo unauma? Muulize mwenye kukunyoosha alisomea wapi

Kolwezi, Likasi, Kipushi, Kambove: kila mahali watu wanachimba, neno ni moja: "Mugongo inaniuma." Mwenye kupandisha mufuko wa mawe kutoka mu shimo analisema. Dereva wa benne, anayetikisika mu kiti siku nzima, analisema pia. Na jirani hakosi jibu: "Yaya, iko mutu ku kartie, anakukanyaga mara mbili tu, unatoka unatembea muzuri." Mwengine anajiita kiropraktere, mwengine hana jina, ana mukeka, mafuta na mikono ya nguvu.

Kiropraktere wa kweli ni mutu aliyesomea kunyoosha viungo vya uti wa mugongo kwa mikono. Kazi hiyo ilianza Marekani mwaka 1895, kwa mukono wa D. D. Palmer. OMS iliandika mu 2005 kwamba masomo yake kamili hayapashwe kuwa chini ya saa 4.200, na saa 1.000 kati yake ni za kutunza wagonjwa chini ya macho ya mwalimu. Kwetu watu wenye masomo hayo ni haba sana. Yule utamupata ni kine, aliyesoma kinesiterapi ku ISTM ao ku universite. Huyo njo wa kutafuta kwanza. Mwombe diplome bila haya. Fundi wa kweli hakasirike.

Lakini karatasi peke yake haitoshi. Angalia anaanza namna gani. Kine muzuri hakulalishe chini mara moja, anakuuliza kwanza. Maumivu yalianza lini? Ulianguka, ao jiwe lilikupiga? Unakonda? Unapata homa, jasho la usiku? Wengine wanaona ni kupoteza wakati. Hapana. Mu inchi hii ya vumbi, kifua kikuu kiko karibu na muchimbaji, na hakikai mu mapafu tu: kinaweza kuingia mu mifupa ya mugongo na kuila polepole. Mutu anazani ni uchovu wa mifuko. Mufupa uliolika namna ile, mutu akiukanyaga kwa nguvu, unaweza kuvunjika na kubana mishipa, na miguu inakufa. Na kusema dawa ya kifua kikuu ni ya bure ku vituo vya afya vya serikali!

Bamama, mara mingi ninyi munaona mbele: bwana anaamuka shuka imelowa jasho, mukaba wa suruali unaongezewa tundu, na yeye anasema "ni kazi tu". Musimupeleke kwa mukanyagaji. Apimwe makohozi, apigwe radio.

Kuna alama nyingine hazingoji hata kesho: mukojo unakataa kutoka ao unatoka wenyewe, ganzi pale mutu anakalia, miguu inalegea. Hapo ni hospitali, leo.

Mugongo ulioshikwa juu ya kazi tu, mara mingi unapungua mu juma chache, kama mutu anaendelea kutembea badala ya kulala siku nzima. Ukikaa zaidi ya miezi tatu, OMS ilishauri mu 2023 mazoezi, mafundisho, na pia kunyooshwa na masaji. Ilikataa mikaba ya mugongo na dawa kali kama tramadol, ile inayouzwa kama bombo ku kariere. Kwa hiyo, anayekuambia kwamba mufupa "umetoka pahali pake" na yeye peke yake anaweza kuurudisha, na ulipe mara kumi mbele, muache na mukeka wake. Kine anakufundisha mazoezi ya kufanya ku nyumba, hata kama yanamupunguzia wateja.

Mwenye mukataba asilipe kwa mufuko wake: Code du travail ya 2002 inalazimisha mwajiri kumutunza mufanyakazi na jamaa yake. Apite ku dispansere ya sosiete, aombe munganga amwandikie kine. Kama aliumia ku kazi, aombe iandikwe aksida ya kazi siku ile ile. Bila karatasi, CNSS haina pa kuanzia. Muchimbaji wa kujitegemea hana barua hiyo. Yeye aanzie ku kituo cha afya, na akifika kwa kine aulize mambo mawili mbele ya kuvua shati: bei, na mara ngapi.