Washington: Kuandika Sheria Ndani ya Mipaka ya Katiba

Kabla ya kuuliza sheria iseme nini, mwandishi wa mswada hana budi kuuliza kama chombo anachokiandikia kina mamlaka ya kuitunga. Swali hilo lina uzito wa pekee mjini Washington, mji mkuu wa Marekani, ambao baraza lake limezungukwa na mipaka mitatu: sheria iliyoliunda, katiba ya nchi, na usimamizi wa Bunge la Marekani.

Washington si jimbo. Katiba inalipa Bunge uwezo wa kuutungia sheria mji huo, na mwaka 1973 Bunge liliwakabidhi wakazi sehemu ya uwezo huo, wakapata meya na baraza la wajumbe 13 wa kuchaguliwa. Hata hivyo, sheria hiyo iliweka makatazo. Baraza haliruhusiwi kutoza kodi mapato ya watu wanaofanya kazi mjini huku wakiishi katika majimbo jirani ya Maryland na Virginia. Wala haliwezi kuruhusu majengo yanayozidi kimo kilichowekwa na Bunge mwaka 1910. Mswada unaokiuka makatazo hayo, hata ukiandikwa kwa ufasaha wa namna gani, hauna msingi.

Mpaka wa pili ulidhihirika katika suala la bastola. Kwa sheria ya mwaka 1976, baraza lilipiga marufuku wakazi kuandikisha bastola mpya, kwa nia ya kupunguza mauaji. Mlinzi mmoja, Dick Heller, alikwenda mahakamani. Tarehe 26 Juni 2008, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba marufuku hiyo ilivunja haki ya raia kuwa na silaha ya kujilinda nyumbani kwake.

Lakini hukumu hiyo, iliyoandikwa na Jaji Antonin Scalia, ilieleza pia kwamba haki hiyo ina kikomo, na kwamba haikukusudia kutilia shaka makatazo ya silaha shuleni na katika majengo ya serikali. Waandishi wa sheria wakawa wameonyeshwa mahali pa kupita. Baraza lilipitisha sheria ya dharura Julai 2008, kisha likairekebisha baada ya kupingwa tena. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ilikubali sharti la msingi la kuandikisha bastola, ingawa iliagiza masharti mengine yachunguzwe upya. Marufuku ya jumla ilianguka. Kanuni yenye mpaka ulio wazi ilisimama.

Mpaka wa tatu ni wa kisiasa zaidi. Sheria ya kawaida ya baraza husomwa mara mbili, hupelekwa kwa meya, kisha husubiri Bungeni siku 30 za vikao, au siku 60 ikihusu makosa ya jinai. Mwaka 2023 Bunge lilibatilisha marekebisho makubwa ya sheria za jinai za mji huo, na Rais Joe Biden akatia saini azimio hilo mwezi Machi. Hakuna mahakama iliyokuwa imesema marekebisho hayo yanakiuka katiba. Kazi iliyoandaliwa kwa miaka kadhaa ilikwamishwa na kura.

Somo hilo si la Marekani peke yake. Ibara ya 64 ya Katiba ya Tanzania inasema kwamba sheria inayokiuka Katiba ni batili kwa kiasi inachoikiuka. Nchini Kenya, Februari 2015, majaji watano wa Mahakama Kuu walifuta vifungu vinane vya sheria ya usalama iliyopitishwa kwa haraka Desemba 2014, huku vingine vikibaki.

Kwa hiyo mwandishi stadi hutenganisha vifungu vyake, ili kimoja kikianguka vingine visimame. Huandika makusudi ya sheria waziwazi, na huchagua njia inayobana haki za watu kwa kiasi kidogo kabisa. Asipofanya hivyo, wanaoumia ni wananchi walioahidiwa ulinzi ambao mahakama haiwezi kuuthibitisha.