Saa sita na nusu ni saa ngapi?

Ujumbe uliingia kwenye kikundi chetu cha WhatsApp Jumapili asubuhi, watu wengi wakiwa kanisani: "Programu haifanyi vizuri. Pesa za jana zimepungua tena." Chini yake kulikuwa na picha ya skrini iliyopigwa kwa simu nyingine, mwanga wa dirisha umefunika nusu ya tarakimu. Vikafuata vidole gumba vitatu, salamu za Jumapili, video ya kwaya, halafu mtu akauliza kama mtaa wa Himbi kuna umeme. Kufika jioni, ujumbe ule ulikuwa umeshazama.

Aliyelalamika ni mama mwenye famasi hapa Goma, ambaye tulimwandikia programu ya mauzo. Mfuko wa pesa za Jumamosi ulikuwa na upungufu wa faranga 18,000 ukilinganisha na ripoti ya programu. Wiki mbili kabla ya hapo zilipungua 11,000. Mama akaanza kumtazama kwa jicho baya msichana wa zamu ya jioni. Nasi kwa wiki sita tulikuwa na jibu lile lile: "Tunaangalia, mama." Na kweli tulikuwa tunaangalia. Mmoja aliangalia bei za dawa, mwingine jinsi programu inavyobadili dola kuwa faranga, wa tatu akaanza upya kuangalia bei za dawa, kwa sababu hakujua kwamba wa kwanza ameshazimaliza.

Wafanyabiashara wa Birere, mtaa wa biashara hapa mjini, hawahitaji kufundishwa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kichekesho ni sisi tunaowauzia madaftari ya kompyuta, ilhali kazi yetu wenyewe tunaiendesha kwa kumbukumbu ya kichwa na kikundi cha WhatsApp.

Dawa ya ugonjwa huu ni ya zamani na haina uchawi. Ni daftari la hitilafu. Kila tatizo, na kila ombi la kuongeza kitu kipya, linafunguliwa ukurasa wake, ambao mafundi huuita tiketi. Tiketi ina namba, kichwa cha habari, jina la aliyeileta, jina la mtu mmoja anayeishughulikia, hali yake ya sasa, na historia ya yote yaliyosemwa na kujaribiwa. Mwaka 1998 Terry Weissman aliwaandikia watu wa Mozilla daftari la aina hii, likaitwa Bugzilla. Mwaka 2002 kampuni ya Atlassian ya Australia ikatoa la kwake, Jira, jina lililokatwa kutoka Gojira, jitu la sinema za Kijapani ambalo Wazungu hulijua kama Godzilla. Lilikuwa utani juu ya Bugzilla. Mfaransa Jean-Philippe Lang alileta Redmine mwaka 2006, nayo unaweza kuiweka bure kwenye mashine yako. Hata neno "mdudu" tunalotumia kwa hitilafu lina kisa kinachopendwa: tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Harvard Mark II walimkuta nondo kwenye swichi, wakambandika kwa utepe katika daftari lao la kazi. Neno lenyewe lilikuwa la zamani zaidi. Edison alilitumia mwaka 1878. Kinachonifurahisha katika kisa hicho ni kwamba walikuwa na daftari la kumbandika.

Katika yote yanayoandikwa kwenye tiketi, kwangu mimi namba ndiyo yenye thamani kubwa. Ukisema "lile tatizo la mama wa famasi", kila mtu anakumbuka lake. Ukisema "tiketi ya 14", wote mnasoma ukurasa mmoja.

Watu wa Goma wanaujua utaratibu huu kuliko wanavyodhani. Tarehe 14 Julai 2019 ilithibitishwa kwamba mchungaji aliyefika mjini kwa basi kutoka Butembo ana Ebola. Basi lile lilikuwa na dereva na abiria wengine 18. Walitafutwa mpaka wakapatikana, na chanjo ikaanza siku ya pili yake. Wale wanaokumbuka ndoo za maji yenye klorini na vipimajoto kwenye kila kizuizi wanakumbuka pia namna kazi ilivyokwenda: kila tetesi ya mgonjwa iliandikwa, ikachunguzwa, kisha ikathibitishwa au ikafutwa. Hata iliyofutwa ilibaki kwenye maandishi, ili kesho asije mtu akaichunguza upya. Aliyemgusa mgonjwa alitakiwa kufuatiliwa siku 21, na hakutakiwa kutolewa kwenye orodha siku ya kumi kwa sababu tu anaonekana mzima. Mlipuko ule ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ukamalizika 25 Juni 2020, umeondoka na roho 2,287. Goma, mji uliojaa watu namna hii, wenye mpaka unaovukwa na maelfu kila siku, ulipata wagonjwa wanne waliothibitishwa.

Programu ya famasi si Ebola, najua. Ila mambo mawili yanahamishika bila kubadilishwa. La kwanza, malalamiko bado si hitilafu. Yanapokewa, yanachunguzwa, ndipo yanapewa jina. La pili, kufunga kuna sharti. Kwetu sisi tiketi haifungwi na fundi aliyeirekebisha. Fundi anasema "nimemaliza", basi. Anayefunga ni yule aliyeileta, baada ya kuona kwa macho yake kwamba mambo yamekaa sawa. Nimekuta timu ambazo mkuu huhesabu tiketi zilizofungwa kila Ijumaa na kuwasifu walioongoza. Huko tiketi hufungwa kweli kweli, na hitilafu zinabaki pale pale.

Nirudi famasi. Wiki ya saba tulifungua tiketi, ikawa ya 14. Fomu yetu inauliza mambo machache: ulifanya nini, ulitegemea nini, kikatokea nini, wapi, saa ngapi. Badala ya mama, safari hii tuliomba aandike dada wa zamu ya usiku, kwa sababu famasi ile hufungwa saa tatu usiku siku zote, isipokuwa Jumamosi ikifika zamu yake ya kukesha, na ndizo Jumamosi pesa zilipopungua. Akaandika: "Nilipokea kazi usiku katikati, mfuko wa jioni ukafungwa mbele yangu, tukauhesabu wote wawili. Saa sita na nusu nikauza dripu na dawa ya malaria, 18,000. Risiti ikatoka. Baadaye ripoti ikasema mfuko wa jioni umepungua 18,000."

Soma tena. Jibu lote limo humo, na halikuwahi kuwa katika jumbe zaidi ya ishirini za WhatsApp tulizopokea kabla.

Mwenzetu aliyepewa tiketi alikulia Kinshasa, na saa huzihesabu kwa Kifaransa hata anapozungumza Kiswahili. Akafungua kumbukumbu za Jumapili saa 06:30. Hakuna mauzo. Akajaribu Jumamosi 18:30, akakuta kila kitu sawa. Akaandika chini ya tiketi: "Siioni. Napendekeza ifungwe." Dada wa zamu akamjibu hapo hapo: "Yaya, nasema saa sita za usiku. Kulipopambazuka mimi nilishalala."

Basi, 00:30. Kijana akatafuta, na mauzo ya Jumapili 00:30 hayakuwepo. Yalikuwepo ya Jumamosi, 23:30, dripu na dawa ya malaria, faranga 18,000.

Nchi yetu ina saa mbili. Kinshasa iko saa moja mbele ya saa ya Greenwich. Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi ziko saa mbili mbele. Kompyuta huchagua saa kutoka kwenye orodha ya majina ya miji inayotumika dunia nzima, na kwa Kongo orodha hiyo ina majina mawili tu: Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi. Goma haimo. Siku ya kuweka programu, mmoja wetu, na sitaki kusema kwamba si mimi, alitafuta Goma, hakuiona, akachagua mji mkuu. Mchana kosa hilo halikumdhuru mtu. Lakini katika ile saa moja baada ya usiku katikati, programu ilikuwa bado inaishi jana. Pesa zilizopokelewa Jumapili zilidaiwa kwenye mfuko wa Jumamosi. Na kila mfuko wa Jumamosi ulipopungua, wa Jumapili ulizidi kwa kiasi kile kile. Pesa iliyozidi haina mlalamikaji.

Marekebisho yalikuwa neno moja: futa Kinshasa, andika Lubumbashi. Kuyasahihisha mauzo ya zamani kulichukua mchana mzima. Msichana wa zamu ya jioni alikuwa ameacha kazi wiki ya tano.

Sasa, daftari likishazoeleka huzaa tatizo lake. Watu wakiona kuna mahali pa kuandika, wanaandika. Baada ya miezi mitatu mama wa famasi peke yake alikuwa na tiketi 31, na zote kwake zilikuwa za haraka. Rangi ya kitufe, haraka. Jina la famasi limekosewa herufi moja kwenye risiti, haraka. Ripoti ya mwezi haijumlishi madeni, haraka. Hapa ndipo ufuatiliaji wa hitilafu unapogeuka kuwa uongozi wa mradi, na ndipo timu nyingi zinaposhindwa, kwa sababu kuna ubaya wa hitilafu na kuna zamu yake, na hivi ni vitu viwili. Fundi ndiye anayejua ubaya: hii inapoteza pesa, hii inaudhi macho tu. Zamu inapangwa na mwenye duka, naye hapewi ruhusa ya kusema zote ni za kwanza. Tulimchapia mama tiketi zake kwenye vikaratasi, tukaziweka juu ya kaunta. "Mama, panga foleni. Juu panakaa moja." Alikaa nusu saa. Alipomaliza, kitufe kilikuwa cha mwisho na herufi ya jina la famasi ilikuwa ya pili. Sisi tungeiweka ya ishirini. Akatueleza kwamba mkaguzi anaposhika risiti, kitu cha kwanza anachosoma ni jina.

Vikaratasi vile viliishia ukutani kwetu, kwenye safu tatu: bado, inafanywa, imekwisha. Wazo la kadi limetoka viwanda vya Toyota, kwa Taiichi Ohno, na siri yake iko safu ya katikati: haipaswi kujaa. Kwetu mtu hashiki tiketi zaidi ya mbili. Wakubwa hawalipendi sharti hili. Wanataka waone watu wanahangaika, na kazi ikichelewa wanataka waongezwe watu. Frederick Brooks, aliyeongoza kazi ya programu kubwa za IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa kunauchelewesha zaidi. Hilo sijaona likikanushwa Goma.

Ukuta pia una sababu ya kwetu. Kuanzia 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa takribani siku 20. Git, chombo alichotengeneza Linus Torvalds mwaka 2005, kinampa kila fundi nakala nzima ya programu pamoja na historia yake, kwa hiyo kuandika programu kuliwezekana gizani. Lakini tiketi zinazokaa kwenye tovuti ya GitHub haziji pamoja na nakala hiyo. Zinabaki huko kwenye seva, na mtandao ukikatika unakuwa na msimbo wote mkononi bila kujua una ubovu gani. Na tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, sehemu kubwa ya mji ilipoamriwa kuhama, watu walitawanyika Sake, Bukavu, Gisenyi, kila mtu na simu yake na kumbukumbu yake. Tangu hapo tunaandika tiketi pia kwenye faili la maandishi ya kawaida ndani ya mradi wenyewe, ili liende popote msimbo unapokwenda. Halipendezi, na halina rangi. Linafunguka bila mtandao.

Kwa vijana wanaoniuliza waanzie wapi, ninawaelekeza kwenye miradi iliyo wazi. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, huweka tiketi zake hadharani na hutenga nyingine kwa ajili ya wageni. Soma kwanza hamsini kabla ya kuandika ya kwako. Utaona haraka zipi zilijibiwa na zipi zilikaa miaka.

Na wewe mwenye duka, ukitukuta tunasema "tunaangalia", tuulize namba ya tiketi. Sisi nasi tutakuuliza saa. Tafadhali iandike kwa tarakimu nne.