Mdudu asiye na mabawa na daftari la ubatizo

Masomo: Yeremia 32:6-15, Mathayo 6:19-21



Fungua kabati la kanisa ambalo halijaguswa tangu Pasaka. Ukiinua daftari la chini kabisa, huenda ukamwona mdudu mwembamba wa rangi ya fedha akikimbia kama samaki mdogo, akapotea kwenye ufa. Hana mabawa, haumi na hatoi sauti. Lakini angalia kurasa alikotoka: wino umekwanguliwa, kingo zimekuwa kama kitambaa kilichochakaa, na pengine jina la mtu limeondoka.

Katika Mwanzo 2, Mungu alimletea Adamu viumbe ili avipe majina. Kazi hiyo haijaisha. Mwaka 1758 Mswedi Carl Linnaeus alimwandika mmoja wa wadudu hawa kwa jina la Lepisma saccharina; neno la pili latokana na sukari, maana anapenda vitu vya sukari na wanga. Leo familia yake yaitwa Lepismatidae, ndani ya oda ya Zygentoma. Zamani waliwekwa kundi moja na wadudu wengine wasio na mabawa wanaoruka kwa kujirusha. Wataalamu walipochunguza taya waliwatenganisha: taya la wale warukaji limeshikwa na kichwa mahali pamoja, la huyu wetu mahali pawili, kama ilivyo kwa panzi na mende. Hivyo huyu mdogo ni ndugu wa karibu zaidi wa wadudu wenye mabawa.

Kiroboto na chawa nao hawana mabawa, lakini wazee wao walikuwa nayo wakayapoteza. Huyu hakuwahi kuwa nayo tangu mwanzo wa ukoo wake. Mwili wake umefunikwa magamba, mbele ana papasi mbili ndefu, nyuma ana mikia mitatu. Mtoto wake akitoka kwenye yai anafanana na mzazi, ila ni mdogo. Na tofauti na kipepeo au nzi, ambao wakishakomaa hawajivui ngozi tena, yeye hujivua maisha yake yote, na anaweza kuishi miaka kadhaa.

Chakula chake ni gundi ya vitabu, karatasi, pamba, unga na mabaki ya wadudu wenzake. Tumbo lake lina uwezo wa kusaga karatasi, jambo ambalo langu na lako haliwezi. Anaweza kukaa miezi mingi bila kula. Anachohitaji ni giza, utulivu na, kwa aina nyingi, unyevu. Kwa maneno mengine, anahitaji kabati letu.

Sasa twende Ikola, mkoani Katavi, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika. Kusini kidogo ni Karema, ambako Wamisionari wa Afrika walifika mwaka 1885 na kuirithi ngome ya Wabelgiji. Huko ndiko alikotumikia Adrian Atiman, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa Malta, akawa katekista na mganga kuanzia 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Tunaijua habari yake kwa sababu aliiandika kwenye karatasi. Wangapi wengine katika vijiji vya ufuo huo walibatizwa, wakafunga ndoa na kuzikwa, na ushahidi pekee ni mstari mmoja katika daftari?

Wala si historia tu. Mama wa Ikola anayetafuta cheti cha kuzaliwa cha kijana aliyezaliwa nyumbani huulizwa uthibitisho, na mara nyingi cheti cha ubatizo ndicho kinachomsaidia. Mjane anayedai haki yake anahitaji cheti cha ndoa. Karani akifungua daftari na kukuta tundu palipokuwa na jina, nani atamjibu mama huyo?

Yesu alituonya tusiweke hazina mahali ambapo wadudu na kutu huharibu. Wengine hulisoma neno hilo wakadhani kutunza vitu ni kazi ya watu wa dunia. Lakini jina la mtu maskini si hazina yetu ya kujilimbikizia. Ni amana tuliyokabidhiwa. Yeremia alipoinunua shamba la Anathothi, Babeli ikiwa imeuzingira mji, alimwagiza Baruku atie hati zote mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Nabii aliyehubiri hukumu alijali karatasi, kwa sababu aliamini watu watarudi.

Basi tufanye kama yeye. Toa madaftari sakafuni na yaachane na ukuta wenye unyevu. Ziba paa linalovuja kabla ya masika. Weka madaftari makavu kwenye sanduku la bati lenye mfuniko unaobana, na kila mwezi lifungue, ufute vumbi, ukague kurasa. Usiweke unga wala mabaki ya chakula katika chumba hicho. Nakili daftari la zamani, au lipige picha kwa simu, na nakala ikae mahali pengine na mtu mwaminifu.

Mdudu huyu hujivua ngozi mara nyingi, lakini kila mara hutoka na umbo lile lile. Nasi twaweza kumaliza semina baada ya semina, na kabati likabaki lile lile. Mzee wa kanisa, katekista, karani: baada ya ibada leo, kabla hujafunga mlango, fungua kabati hilo. Ndani yake mna majina ya watu ambao Mchungaji Mwema anawajua mmoja mmoja.

Jumapili njema.